Ukipewa Kumwigiza Mwovu

Ijumaa Kuu katika makanisa ya Njombe, kama kwingineko nchini, vijana huigiza mateso ya Yesu, na kila mwaka lazima apatikane mmoja wa kumcheza Yuda. Mara nyingi Yuda huyo huingia amekunja uso, anachungulia kushoto na kulia, anasugua viganja, na mfuko wa fedha anautikisa ili hata watoto waliokaa chini mbele wausikie. Watu hucheka. Kinachosahaulika ni kwamba Yuda wa Injili ndiye aliyekuwa akishika mfuko wa fedha za kundi zima. Mtu wa kuchungulia-chungulia namna ile, nani angemkabidhi mfuko?

Hapo ndipo vikundi vingi vinapojikwaa. Kwenye vibanda vya video watazamaji wana majina mawili tu, steringi na adui, na adui hujulikana tangu anapotokea: miwani myeusi, sigara, kicheko kirefu. Tanzia ya jukwaani inataka adui wa aina nyingine, yule ambaye jirani angemwachia funguo za nyumba akisafiri.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha shule, kanisa au mtaa, kiwe Igwachanya, Makambako au Njombe mjini, kinachotaka kucheza tanzia yenye mwovu mdanganyifu anayesumbuliwa na hatia. Mfano wake mkuu ni Claudius, mfalme wa Denmark katika Hamlet, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1600 na ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1603.

Kisa chenyewe hakihitaji mkalimani. Mfalme anafariki ghafla. Inatangazwa kwamba aliumwa na nyoka akiwa amelala bustanini. Haipiti miezi miwili, mdogo wake Claudius amekalia kiti chake na amemwoa mjane, Gertrude. Kijana wa marehemu, Hamlet, aliyekuwa masomoni Wittenberg, Ujerumani, yuko nyumbani na anakuta baba mdogo amegeuka baba wa kambo. Kisha mzimu wa marehemu unamweleza ukweli: nyoka hakuwepo, Claudius alimmiminia ndugu yake sumu sikioni. Kwa watu wa Wanging'ombe, ambao migogoro ya mashamba ya marehemu na habari za kurithi wajane si mambo mageni kwao, baba mdogo wa namna hiyo anatambulika kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Kosa la kwanza hufanyika siku ya kugawa nafasi. Kijana mwenye mwili mkubwa na sauti nzito anasukumiwa uovu, na mpole anapewa wema. Geuza. Claudius apewe yule ambaye walimu humtuma ofisini, anayesalimia wazee kwa utaratibu na anayeweza kusoma tangazo mstarini bila kubabaika. Sauti nzito iende kwa mzimu, ambao kazi yake ni kutisha. Claudius hatishi mtu. Kwenye kikao chake cha kwanza anazungumzia msiba na harusi kwa pumzi moja, anawashukuru wazee wa baraza kwa ushauri wao, anatuma wajumbe Norway kuzuia vita, anampa kijana Laertes ruhusa ya kurudi Ufaransa, halafu ndipo anamgeukia Hamlet na kumwambia kwa upole kwamba kila baba hufa na kulia kuna kikomo. Ni kikao kilichoendeshwa vizuri. Ajenda zimekwisha, hakuna aliyenyanyaswa, na mtu aliyeua ndugu yake amepigiwa makofi. Mwigizaji akiicheza sehemu hii kama kiongozi hodari, nusu ya kazi imekwisha. Anaweza hata kuanza kwa kuwaamkia watu "Kamwene" na kungoja waitikie. Wakishamwitikia, wamekuwa baraza lake, na baadaye itawauma.

Udanganyifu wa Claudius unaonekana vizuri zaidi katika mazungumzo yake na Laertes, na sehemu hiyo inastahili mazoezi mengi kuliko zote. Laertes amerudi kutoka Ufaransa akiwaka hasira. Baba yake, Polonius, ameuawa na Hamlet, aliyechoma upanga kwenye pazia bila kujua nani yuko nyuma yake. Kijana anavamia ikulu na kundi la watu nyuma yake. Gertrude anamshika asimfikie mfalme. Claudius anamwambia mkewe amwachie. Hapigi kelele. Anauliza kijana anataka nini. Mwigizaji akae palepale alipo, asirudi nyuma hata hatua moja.

Wakishabaki wawili, kazi inaanza. Kwanza Claudius anamsifu: kuna Mfaransa mmoja alipita hapa, anasema, akaueleza ustadi wako wa upanga hadi Hamlet akaona wivu. Kijana anatulia, sifa imemwingia. Halafu mfalme anakatiza maneno yake mwenyewe na kuuliza swali lililo nje ya mada: je, Laertes alimpenda baba yake kweli, au ana huzuni ya usoni tu? Ni swali la mtu mkatili, lakini likiulizwa kwa ukatili linaharibika. Liulizwe kwa sauti ya mjomba anayejali. Laertes, ili athibitishe mapenzi yake, anasema yuko tayari kumkata Hamlet koo hata kanisani. Ni yeye pia, kwa kinywa chake, anayependekeza kupaka sumu kwenye ncha ya upanga. Mfalme, aliyepanga pambano lenyewe, anaongeza kikombe cha sumu endapo upanga utakosa.

Zingatia hilo unapoongoza mazoezi. Ustadi wa mdanganyifu huyu ni kumfanya mwenzake aseme yeye mwenyewe neno analolitaka mfalme, na mfalme alipokee kama mtu aliyeshangazwa kidogo. Kuna zoezi moja linalosaidia sana na halina gharama. Mpe mwigizaji wa Claudius beseni la viazi na kisu, amenye huku wanazungumza. Wakati wa sifa, kisu kiende taratibu, ganda lishuke refu bila kukatika. Anapouliza lile swali la baba, kisu kisimame. Laertes anapojibu, kisu kiendelee. Rudieni hivyo jioni kadhaa, kisha ondoeni viazi na kisu, na mkono uendelee kukumbuka. Vijana wa Njombe waliokulia kwenye viazi mviringo hawahitaji kufundishwa kumenya, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye maneno.

Kama kikundi hakijawa tayari kwa Hamlet, kuna mazoezi mengine ya ukoo huohuo kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, tafsiri ikatoka mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo Cassius anamshawishi Brutus amuue rafiki yake, na njia mojawapo ni barua za kughushi zinazotupwa dirishani kana kwamba zimetoka kwa wananchi mbalimbali. S. S. Mushi naye alitafsiri Makbeth, iliyotoka mwaka 1968, ambamo Lady Macbeth anamsukuma mumewe amuue mfalme aliyekuja kwao kama mgeni, kisha hatia inamwamsha usiku akiwa usingizini, ananawa mikono isiyo na kitu.

Na Waswahili wana kisa chao cha zamani. Fumo Liongo wa pwani ya kaskazini alikuwa hafi kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mtawala aliyemwogopa hakuishika sindano hiyo. Alimpa kijana wa Liongo mwenyewe, kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mwana akamchoma baba yake amelala, na Liongo akaenda kufia kisimani akiwa amepiga goti na mshale upindeni, watu wakaogopa kukaribia maji. Muhamadi Kijuma wa Lamu alikiandikia utenzi kisa hicho mwaka 1913, na mwaka 2001 Kithaka wa Mberia wa Kenya akakijenga upya katika tamthilia ya Kifo Kisimani, ambamo Gege anashawishiwa kumuua ndugu yake Mwelusi. Mfalme wa Liongo na Claudius wangeelewana kwa dakika moja: wote wawili wanatafuta kijana mwenye shauku, wanampa silaha, na wao wanabaki na mikono safi. Kijana wa Liongo binti hakumpata. Laertes naye anakufa kwa upanga wake mwenyewe.

Lakini mtawala wa Liongo hatujui kama alilala usingizi. Claudius tunajua, maana Shakespeare anatufungulia kifua chake, na hapa ndipo nafasi hii inapompita Iago, yule mwovu wa tamthilia ya Othello, kwa mbali, angalau kwa kikundi kinachojifunza. Iago akikamatwa anakataa kusema neno lolote tena. Mwigizaji hana pa kushika. Claudius ana pa kushika patatu.

Pa kwanza ni padogo na huwa panarukwa. Polonius anasema jambo la jumla kuhusu watu wanaojifunika utakatifu, na Claudius anaambia hadhira pembeni kwamba maneno hayo yamemchapa kama mjeledi. Basi, sentensi chache tu. Ni mara ya kwanza tunasikia kutoka kinywani mwake kwamba ana mzigo. Asilie, asishike kichwa. Ageuze uso kwa watu, aseme haraka, arudi kwenye tabasamu.

Pa pili ni mtego. Hamlet anawapanga waigizaji wasafiri wacheze mbele ya mfalme kisa cha mtu anayemmiminia mwenzake sumu sikioni. Waongozaji wengi huwaweka waigizaji hao wa ndani katikati ya jukwaa, kumbe anayetakiwa kutazamwa ni mtazamaji mmoja. Kiti cha Claudius kikae katikati na kielekee hadhira. Mchezo wa ndani uchezwe pembeni, na ngoma ya hapohapo kijijini inaweza kuubeba. Kuna fumbo la zamani hapa: kisa hicho huchezwa kwanza bila maneno, na mfalme hashtuki, kinarudiwa kwa maneno, ndipo anainuka. Kwa nini hakushtuka mwanzo? Jibu linalochezeka ni kwamba mara ya kwanza alijizuia. Basi watu waone kujizuia kwenyewe. Tabasamu libaki, ila mkono uliokuwa juu ya mkono wa Gertrude urudi mapajani. Mara ya pili sumu inapomiminwa, anasimama na kuomba taa. Yeyote atakayeleta taa hiyo, iwe karabai au ya sola, aielekeze usoni kwake.

Pa tatu ni sala, na hapa turudi kwa Yuda. Katika Injili ya Mathayo, Yuda alipojuta alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akavitupa hekaluni, akaenda kujinyonga. Alikuwa na hatia, lakini mali hakubaki nayo. Claudius anapiga magoti peke yake, anakiri kwa Mungu kwamba ameua ndugu yake, kisha anajiuliza swali ambalo mhubiri yeyote angependa kuliuliza: mtu anaweza kusamehewa huku ameshikilia kile alichoulia? Anavitaja vyote: taji, tamaa yake, na malkia. Anajua jibu. Harudishi.

Kwa sababu hiyo sala hii isichezwe kwa machozi. Machozi yatawafanya watu wamhurumie mapema na kusahau taji liko kichwani. Alivue, aliweke sakafuni mbele yake, na pete pia. Apige magoti. Ajaribu kusali huku macho yanarudi kwenye vitu hivyo viwili. Jambo hilo halimo katika maandishi, ni pendekezo la jukwaani tu, lakini linaiweka hoja nzima mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaiona. Akimaliza, avae pete kwanza, taji baadaye, bila haraka.

Wakati huohuo Hamlet amesimama nyuma yake na upanga. Anaweza kumuua. Anaacha, kwa sababu anaona akimuua akiwa anasali roho yake itakwenda mbinguni. Kumbe sala haikwenda popote. Claudius mwenyewe, akiinuka, anakiri kwamba maneno yamepaa na mawazo yamebaki chini. Hapa hadhira ya Igwachanya haitanyamaza, na isilazimishwe. Watu watamwambia Hamlet apige. Waigizaji wafanye mazoezi wakiwa na wenzao wanaopiga kelele, ili siku yenyewe Claudius asigeuke kutazama nyuma, maana akigeuka tu mchezo umekwisha.

Kuna mambo ya kawaida ambayo yakipuuzwa huua udanganyifu wote huu. Mvua za Novemba hadi Aprili zikipiga bati, sentensi za pembeni hazisikiki kabisa, na Claudius bila sentensi za pembeni ni mfalme mwema tu. Juni hadi Agosti baridi ya Njombe haimruhusu mtu kukaa nje jioni. Onyesho la wakati huo lianze mchana na mfalme aruhusiwe kuvaa koti zito, litamfaa. Septemba na Oktoba ni salama zaidi. Panga zichongwe kwa mbao nyepesi na zisiwe na ncha. Kikombe cha sumu, wazee watapendekeza ulanzi kwa utani. Kwa wanafunzi tumieni togwa. Kiwe kikombe kimoja kinachotambulika, chenye rangi ya pekee, na kionekane mezani tangu mwanzo wa pambano la mwisho.

Mwandishi wa asili alifariki mwaka 1616 na kazi yake haidai ruhusa, kwa hiyo kikundi kinaweza kujitungia Hamlet yake ya Kiswahili, fupi, ya saa moja na nusu. Tafsiri ni habari nyingine. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Mwalimu alifariki Oktoba 1999, hivyo mchapishaji wa Juliasi Kaizari aandikiwe barua kabla ya kuuza tiketi. Ipo pia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayogusa michezo ya jukwaani. Ofisi za halmashauri ya Wanging'ombe ziko Igwachanya. Anza kwa afisa utamaduni.

Sasa pambano la mwisho. Hamlet na Laertes wanashindana kwa panga mbele ya watu. Claudius ametia sumu kwenye kikombe na kumkaribisha Hamlet anywe. Hamlet anasema atakunywa baadaye. Gertrude, kwa furaha ya mwanawe kuongoza, anakichukua yeye. Claudius anamwambia asinywe. Anakunywa.

Mfalme angeweza kukipiga kikombe kile kikaanguka. Angejiumbua, lakini mke angepona. Hatia yake yote, sala yake yote, inapimwa kwa umbali wa mkono mmoja, naye anatoa sentensi fupi na kubaki alipo. Kwa hiyo asisimamishwe mbali. Waongozaji wengine humweka upande wa pili wa jukwaa ili ionekane alishindwa kufika. Wanamwokoa bila kujua. Awe karibu kiasi kwamba mkono wake ukinyooshwa unafika. Mkono uanze kunyooka, ukome. Kuna mama kwenye viti vya nyuma atapaza sauti: "Usinywe!" Hiyo ni sauti ambayo Claudius hakuitoa.

Gertrude anapoanguka, Claudius anawaambia watu kwamba amezimia kwa kuona damu. Ni uongo wake wa mwisho kwa baraza, na anayeusema ametoka tu kumpoteza mtu aliyeua ili ampate. Usemwe kwa sauti ileile ya kikao cha kwanza, ya mwenyekiti mtulivu. Kama sauti itatetemeka, itetemeke kwenye neno "damu" pekee. Baada ya hapo mambo ni ya haraka: malkia anasema kikombe kina sumu, Laertes anaungama na kumtaja mfalme, Hamlet anamchoma Claudius na kumnywesha kilichobaki. Hata hapo, akiwa amechomwa, anawaita marafiki wamtetee na kudai ameumia kidogo tu. Asipewe hotuba ya toba. Shakespeare hakumpa.

Baada ya onyesho, kiongozi wa kikundi asimwache mwigizaji huyu aondoke peke yake. Katika mji mdogo jina la mhusika humganda mtu. Atakwenda dukani Jumatatu na mama muuza nyanya atamwita mwuaji, nusu kwa utani. Atoke mbele na wenzake mkono kwa mkono, atambulishwe kwa jina lake na darasa lake, na kwenye mchezo unaofuata apewe nafasi ya kuchekesha, hata kama kuna mwingine anayeitaka zaidi.